Shangingi la Siwema

Mfaume, tajiri wa malori pale Tanga, alikataa kumpa lifti Siwema, mjane wa kaka yake, kwenda harusini Moshi.

"Wanao watanichafulia viti. Nenda na hilo shangingi lako kuukuu, linywe mafuta mpaka likufilisi."

"Shemeji, tangi moja linatupeleka na kuturudisha."

"Muongo wa kutupwa. Nalijaza mimi, na ninapanda humo humo nione unavyoumbuka."

Walifika, wakala pilau. Wakati wa kurudi, shangingi lilizimika katikati ya mashamba ya mkonge. Mfaume alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nilikwambia nini?"

"Umeshinda, shemeji," alisema Siwema, akimkabidhi dumu tupu. "Mimi nilitaka kufika harusini tu. Ukishamaliza kucheka, katafute mafuta, maana hata wewe hujafika kwako."