Zimwi Lililosema Pole

Sogeeni karibu, jamaa zangu. Ijumaa, siku ya kumi ya mwezi wa Rajabu, saa sita mchana, mzee Makame alifariki. Mwanawe Shaali akaenda kijiji cha pili kununua sanda, akarudi mbio kwa njia ya msituni ili wamzike kabla ya magharibi.

Njiani akazuiwa na zimwi, kinywa kinawaka moto.

"Umebeba nini, kitoweo changu?"

"Sanda."

"Ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Kafa lini?"

"Leo mchana. Nipishe, bwana, baba ananingoja."

Zimwi lile lilikuwa limekaa miaka kando ya njia, likisikia watu wakisalimiana. Neno likalitoka lenyewe: "Lo! Pole sana."

"Ahsante, nimeshapoa," Shaali akaitikia, kama alivyofunzwa na baba yake. "Nawe upoe."

Papo hapo moto ukazimika. Zimwi likajipapasa midomo. "Ah! Nitakulaje sasa, nami nimeshakupa pole?"

"Basi twende ukatie udongo."

Likaenda. Likatia udongo kaburini mara tatu, limeinamisha kichwa, na jua halijazama. Shaali akashusha pumzi.

Mola amrehemu Makame, amlaze pahali baridi. Itikieni: amina.