Moto wa Smrekowa na Panya wa Mzee Klimek

Inasimuliwa, na dhamana ya habari iko kwa waliotutangulia, kwamba katika milima ya kusini ya nchi ya Polandi palikuwa na kijiji kiitwacho Smrekowa. Wakaaji wake walikuwa wachungaji wa kondoo, watu wa sala na, tuseme kweli, watu wa ubishi pia. Mababu zao waliingia bonde lile wakifuata mifugo yao. Hawakuwa na kitu kingine ila moto, walioubeba ndani ya uyoga mgumu uotao kwenye magogo, ambao ukishika cheche hufuka polepole bila kuzimika. Wakajenga nyumba za magogo, wakajenga kanisa, na moto ule wakaufanya amana ya vizazi.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mkesha wa Pasaka padri aliubariki moto huo mbele ya kanisa. Kondoo walipopelekwa malishoni, mkuu wa wachungaji, ambaye wao humwita batsa, aliupandisha mlimani, na huko ulikaa kiangazi kizima kibandani mwake. Maziwa yalichemshwa juu yake na jibini ikakaushwa kwa moshi wake. Kijijini walibaki kupikia moto wa kawaida wa kupiga jiwe, mpaka vuli iingie na batsa ashuke na chungu cha makaa. Hapo kila nyumba iliwasha jiko la majira ya baridi kwa moto wa mababu. Batsa aliyeuzima aliweka fimbo yake chini, wala hakuishika tena maishani.

Basi batsa wao Walenty alifariki, Mungu amrehemu, na fimbo ikatua kwa mjane wake, Bi Kunegunda, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewajua kondoo wale kama yeye. Wazee wengi waliridhia. Mzee Klimek, lo, huyo hakuridhia!

"Mwanamke na moto wa mlimani, wapi na wapi?" alisema mbele ya watu wote. "Hautafika mavuno."

Bi Kunegunda aliendelea kufunga mzigo wake. Alikuwa mja mwenye subira, na tena alikuwa na furaha kubwa mno hata asiweze kugombana. Aliupenda mlima ule tangu uchanga wake, na sasa ulikuwa wake kuuhudumia. Alipanda na wachungaji wake wawili huku akiimba zaburi, chungu cha makaa kifuani, na watu wa chini waliisikia sauti yake hata baada ya misonobari kumficha.

Kiangazi kikaenda vizuri. Kondoo walinenepa, jibini ikapangwa darini safu kwa safu. Kila alfajiri Bi Kunegunda alichochea moto wake akimshukuru Mola, kisha akatoka nje kuangalia kijiji kule chini. Jambo moja tu lilimshangaza. Kibanda cha Mzee Klimek, cha kukaushia plamu, kilikuwa kikifuka moshi kila siku, na plamu zenyewe zilikuwa bado kijani mitini.

"Labda ana haraka ya jamu," aliwaambia wenzake, wakacheka wote.

Siku moja mchana, wachungaji wakiwa malisho ya mbali na yeye yuko peke yake, mbingu ikafunga ghafla. Akasikia mtu akilia korongoni, chini kidogo ya kibanda. Alijua vema sheria ya batsa: moto hauachwi bila mtu. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kilio kikaja tena. Akasema, "Ya Rabi, huo moto ni wako na huyo anayelia ni wako," akatoka mbio, hata mlango hakukumbuka kuufunga.

Aliyekuwa korongoni alikuwa ni Mzee Klimek, amevunjika mguu, amevaa viatu vya kwendea kanisani. Bi Kunegunda hakumuuliza amefuata nini. Alimfunga mguu kwa shali yake na kumbeba mgongoni, mvua ya mawe ikiwapiga wote wawili. Walipofika kibandani, upepo ulikuwa umeingia na mvua yake, na mekoni palikuwa na tope la majivu. Akachakura kwa vidole akitafuta walau kaa moja hai. Halikuwepo. Akaketi chini, akalia.

Mzee Klimek akakohoa.

"Piga jiwe, mama. Moto ni moto. Nani atajua?"

"Wewe unajua, mimi najua, na Mwenyezi Mungu anajua," alisema Bi Kunegunda akijifuta machozi. "Hao si wachache, Mzee Klimek. Nitapiga jiwe, tule na tuote. Lakini sitauita kwa jina lisilo lake."

Mzee akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, akakifunga. Kesho yake wachungaji walimshusha kwa farasi, na neno lile likashuka naye.

Bi Kunegunda alibaki na amana ya kondoo mpaka mwisho wa msimu. Alijua atakayoyapoteza: fimbo, mlima, na ile heshima ya jina la Walenty. Wenzake walimsihi anyamaze, naye hakusikia la mtu.

Siku ya kushuka ikawadia. Enyi wapendwa, laiti mngeiona Smrekowa siku hiyo! Kondoo wana mashada ya rangi shingoni, njuga zinalia, wapiga fidla wamepanda juu ya uzio, kina mama wamesimama milangoni na vyungu vitupu mikononi. Bi Kunegunda alifika mbele ya kanisa, akamsalimu Padri Urban, kisha akaweka fimbo yake chini.

"Moto wa mababu umezimika," alisema. "Niliuacha peke yake, na mlango nikauacha wazi. Kosa ni langu. Nisameheni."

Fidla zikanyamaza. Watu walingoja aseme kwa nini aliuacha. Hakusema, wala hakumtazama Mzee Klimek. Mama mmoja akaanza kulia.

Hapo mzee akajikongoja mbele na gongo lake, uso umemwiva kwa haya.

"Moto haujazimika," alisema. "Uko kwangu, kibanda cha plamu. Niliiba makaa siku ya kupanda mlimani, nikayatunza ili moto wake ukizimika nije nimwaibishe mama huyu. Nilipanda kumpeleleza nikaanguka. Aliuacha moto ili aniokoe mimi. Na mimi, roho ngumu, nikanyamaza kiangazi kizima!"

"Wee Klimek!" Huyo alikuwa Wikta, mkewe, mikono kiunoni. "Uliniambia ni moshi wa kufukuza panya! Nimechochea, nimekohoa, macho yameniwasha, nikajiuliza, panya gani hawa wasiohama?"

Padri ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwingine. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndivyo, lakini kisima cha Klimek, Smrekowa nzima ilikunywa maji yake. Mzee aliinama kwa taabu, akaiokota fimbo na kumkabidhi Bi Kunegunda kwa mikono miwili, na mama huyo akaingia kibanda cha plamu na kutoka na makaa mekundu. Majiko ya nyumba zote yakawaka jioni ile, na fidla hazikulala.

Tangu hapo, husema wasimulizi, moto unapopandishwa mlimani, kaa moja huachwa kijijini kwa mtu mbishi kuliko wote, na kila mwaka watu hugombea heshima hiyo.

Baadaye Wikta alimuuliza Bi Kunegunda, "Ulijua alikuja kukupeleleza?"

"Dada yangu, nani hupanda mlima na viatu vya kanisani? Alitaka kushuka moja kwa moja kwenda kunishtaki kwa padri."

"Na hukusema?"

"Niliungama langu. Lake halikuwa langu kuungama."

Tazama basi hekima ya Mola: mama aliisitiri aibu ya mwenzake, na ndani ya aibu ile ile Mola alikuwa amemhifadhia moto wake.