Ufunguo wa Masjala ya Siri

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mwishoni nitawauliza swali na sitaki mtu asingizie kwamba hakusikia.

Katika ofisi moja ya wilaya walikuwapo makarani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Mgaya alikuwa na pua: maziwa yakianza kuchacha kantini, yeye ghorofani ameshajua. Karani wa pili, aitwaye Sikudhani, alikuwa na kumbukumbu: jalada alilolishika mara moja angekutajia namba yake baada ya miaka kumi. Mhoja alikuwa na vidole vyepesi, ila kipaji chake alikificha kama mtu anavyoficha kidonda.

Alikuwa na sababu. Zamani alitumia unga wa kulevya, na ili aupate alivunja maduka, akafungwa miaka miwili. Alipotoka aliacha vyote, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Lakini kwenye fomu ya upekuzi, ile inayojazwa na kila anayetaka kushika nyaraka za serikali, palipoulizwa kama amewahi kutumia dawa za kulevya, aliandika "Hapana." Palipoulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, akaandika "Hapana" tena. Tangu siku hiyo aliona aibu kila alipoitikia salamu.

Asubuhi moja mtunza masjala ya siri, chumba cha majalada yasiyosomwa na kila mtu, alikwenda mazikoni, ufunguo mfukoni. Mzee Mgaya akanusa waya unaungua nyuma ya mlango wa chuma wa chumba hicho. Lakini asiye na kibali haruhusiwi kuusogelea, na Mgaya ni mtu wa taratibu. Basi akakaa, akaandika dokezo: "Naomba ruhusa ya kusogelea mlango." Akalipeleka kwa mkuu wa ofisi, Bi. Tumsifu, aliyelisoma akaruka kitini. Hata hivyo, bila pua ile nani angejua?

Mlango ukasukumwa, ukagoma. Mhoja akakitazama kitasa. Akiufungua, atajianika, asipoufungua, siri za watu wa wilaya nzima zitakuwa majivu.

"Nipeni kipande cha waya," akasema.

Dakika haikuisha, kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

Sikudhani akajifunga khanga puani, akaingia moshini. Majalada yasiyo na nakala aliyajua yote, na aliyatoa moja baada ya jingine, akitaja namba kwa sauti, hadi la mwisho.

Moto ulipozimwa, Bi. Tumsifu akauliza, "Mhoja, mwanangu, ufundi huo umejifunzia wapi?"

Mhoja akatazama viatu vyake. "Kwenye wizi, mama. Nilikuwa nakula unga. Nilifungwa. Kwenye fomu niliwadanganya."

"Mimi nilijua," Sikudhani akasema taratibu. "Niliwahi kuwa karani wa mahakama. Hukumu yake niliiingiza daftarini kwa mkono wangu. Nilinyamaza kwa sababu hapa sijamwona akipotoka."

Hilo lilimchoma Mhoja kuliko yote. Miaka yote ile alikuwa akimficha mtu anayejua.

"Mimi fomu yangu haina doa," Mzee Mgaya akakumbusha.

"Haina," Bi. Tumsifu akajibu, "na dokezo lako lilikuwa na aya tatu." Kisha akamgeukia Mhoja. "Ungesema kweli, upekuzi ungetazama miaka uliyokaa safi. Kosa la zamani lina dawa. Uongo ndio unaonishinda."

Akampa fomu mpya. Mhoja akaandika "Ndiyo" mara mbili mbele ya wenzake, jasho likidondokea karatasi.

Mwezi huo mtunza masjala ya siri akastaafu. Wote watatu wameomba nafasi yake: aliyeugundua moto lakini akaomba ruhusa kwanza, aliyeyaokoa majalada lakini akaficha alichokijua, na aliyeufungua mlango lakini aliingia ofisini kwa uongo. Bi. Tumsifu lazima aandike jina moja, na kalamu ameishika. Mhoja yuko nje kwenye korido, hathubutu hata kukaa kwenye benchi.

Haya, wewe uliyesikia yote: ungekuwa Bi. Tumsifu, ufunguo ungemkabidhi nani?