Filimbi ya Konstebo Shekiondo

Filimbi ikishalia haina mwenyewe. Hivyo ndivyo baba yenu alivyosema alipowanyang'anya simu akaniachia mimi, nanyi mmenuna kama mlionyimwa chakula. Mlitaka kusambaza picha ya kijana wa watu mkisema ni mwizi, na hata jina lake hamlijui. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Igunhya, mnadani, na yalianza kwa damu ya nyumba hii. Nitawasimulia, ila msinikatize, maana nikikatizwa sitaweza kumaliza.

Enzi hizo wezi wa ng'ombe walikuwa wametutesa mno. Kila mwanamume alivaa filimbi shingoni. Akisikia ya mwenzake, anapuliza yake, anashika fimbo na kukimbilia inakotoka. Kuuliza ni baadaye. Ndivyo tulivyookoa mifugo yetu, na tulijisifu sana.

Mwaka huo akaletwa konstebo mpya, kijana wa Kisambaa aitwaye Shekiondo, katoka chuoni juzi tu, viatu bado vinang'aa. Alikabidhiwa kwa Koplo Nkwabi ili ajifunze kazi ya doria. Nkwabi alikuwa mzaliwa wa huku, mtu wa maneno machache. Alimfundisha kutembea polepole, kuwaamkia wazee kabla ya kuwauliza jambo, na kutazama mikono ya mtu kuliko uso wake. Shekiondo alikuwa msikivu, tena mwenye adabu. Akinunua maziwa yangu ya mgando alinishukuru kana kwamba nimempa bure. Wakati ule sikumchukia.

Jambo moja tu halikumwingia. Koplo alimwambia avue filimbi shingoni aitie mfukoni. Kijana akajibu kwa heshima kwamba walifundishwa filimbi ni ya kumsimamisha mtu au kuwaita askari wenzako.

“Chuoni inaita askari,” Nkwabi akasema. “Huku inaita kijiji.”

Akaitika, “Ndiyo, afande,” na kuiacha pale pale shingoni.

Siku ya mnada kaka yangu Luhende, huyo ambaye baba yenu amerithi jina lake, alipewa fahali akamuuze peke yake kwa mara ya kwanza. Baba yetu hakuwa mwepesi wa kumwachia mtu ng'ombe wake, hivyo Luhende alitembea kifua mbele njia nzima, nami nyuma yake na kibuyu changu. Nikifikiri sasa, yeye na yule konstebo wote wawili walikuwa wanajifunza kazi siku ile.

Fahali alishtushwa na honi ya lori, akakata kamba, akapita nyuma ya vibanda vya nyama na kutokomea. Luhende akamfuata mbio, kipande cha kamba mkononi, akipangua watu. Shekiondo alikuwa upande wa pili wa vibanda na hakuona fahali yeyote. Alichoona ni kijana anayekimbia na kamba ya ng'ombe. Akamwita asimame, lakini katika kelele zile nani angesikia? Akatia filimbi kinywani. Koplo aligeuka, mkono ameunyoosha, akimwambia asipulize. Alikuwa amekwisha kupuliza.

Filimbi nyingine ikajibu, kisha nyingine, kisha mnada wote ukawa filimbi. Wanaume waliacha mifugo yao wakaja na fimbo. Shekiondo aliwakimbilia akiwaeleza kwamba ni yeye aliyepuliza, kwamba alitaka kijana asimame tu, waache. Hawakumjali. Kila mmoja alikuwa ameitikia filimbi ya jirani yake, si ya konstebo. Nkwabi alijilaza juu ya Luhende, wakamvunja mkono na kumvuta kando. Mimi nilipiga yowe kwamba huyo ni kaka yangu, na yowe langu likaleta watu zaidi.

Walipochoka, Luhende hakuwa wa kutambulika. Konstebo alipiga magoti mavumbini.

“Afande, ilikuwa filimbi yangu,” alisema. “Yangu moja tu.”

Nkwabi, mkono ukimning'inia, hakumtukana. “Ilikuwa yako kabla haijalia,” alimwambia. “Ikishalia haina mwenyewe.”

Jioni tulimkuta fahali mlangoni mwa zizi. Alikuwa amerudi nyumbani peke yake.

Msibani mama alisimama mbele ya wanaume wa Igunhya akauliza ni nani aliyeanza. Huyu alisema alisikia ya fulani, fulani akasema alisikia ya yule. Ndipo Shekiondo, ambaye hakuna aliyetegemea angekuja, akasimama na kusema ni yeye. Mama alimtazama sana.

“Wewe umepuliza, mwanangu,” alisema. “Waliopiga wako wapi?”

Hakuna aliyeinua uso. Walikuwa majirani zetu na wajomba zetu, watu waliochimba kaburi asubuhi ile ile. Mama hakuuliza tena mpaka alipokufa. Shekiondo aliacha kazi akarudi kwao, na sijui kama alipata tena usingizi. Hawa wengine waliupata. Nimeishi nao maisha yangu yote, na maziwa nimewauzia.

Haya, simu yenu hii hapa, chukueni. Huyo kijana wa kwenye picha ana mama yake. Mkitaka kubonyeza, bonyezeni, lakini siku huyo mama atakapouliza ni nani aliyeanza, msije mkamjibu kwamba mlitumiwa picha hiyo na wenzenu. Filimbi ikishalia haina mwenyewe.