Fisi Mwenye Sikio Lililotobolewa, na Homa ya Ng'ambo

— Nisimulie nitie chumvi?
— Tia!
— Mkishikwa na kiu?
— Tutavumilia!

Basi, alikuwapo Bi Panya, mama wa watoto wachanga, akiishi ndani ya kichuguu. Na alikuwapo Fisi, mwenye taya pana na tamaa pana zaidi.

Siku hizo kupe wa nyasini walikuwa wakiuma na kuacha homa inayovimbisha magoti. Mnyama akiugua akapona, Karani Kobe humtoboa sikio: huyu amekingwa. Na aliyetobolewa, kwa amri ya baraza la wanyama, huchagua nyumba aitakayo. Sababu yake hakuna aliyeuliza. Amri ilikwisha kupita.

Fisi akaugua, akapona, akatobolewa. Huyoo, mbio hadi kichuguuni. Gu! gu! gu!

"Bi Panya, toka! Nimetobolewa."

"Hongera, Bwana Mkubwa. Na watoto?"

"Watoto ni wako. Kichuguu ni changu."

Panya akawatazama wanawe, akafikiri. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua homa ya huku, akapona, kabla kutobolewa masikio hakujaanza. Kisha akaenda ng'ambo ya mto kuhani msiba, kupe wa huko akamuuma, akaugua upya. Akiwa hoi ndipo alipong'amua: vijidudu vya homa ya huku huvaa kanzu ya kijani, vya ng'ambo huvaa nyekundu. Askari wa mwilini wamekariri kanzu, hawakukariri nia. Nyekundu ikipita, wanapiga saluti.

"Kichuguu chenyewe kidogo, Bwana Mkubwa," akasema. "Ng'ambo kuna pango, na mizoga mlangoni. Ila kupe wa huko! Wasiotobolewa hawathubutu."

"Kupe? Wanijue mimi nani!" Fisi akatikisa sikio.

Akavuka mto, chubwi! Akala, kwam, kwam, kwam. Kupe nao wakala, nyo, nyo, nyo. Haukupita muda, magoti yakavimba kama maboga. Akajiburura hadi kwa Kobe.

"Karani, naumwa!"

Kobe akamgeuza sikio, akalitazama kwa makini. "Huumwi."

"Na magoti haya?"

"Magoti hayatambuliki kiofisi. Kinachotambulika ni sikio. Rudi kwako pangoni."

Bi Panya akasikia kilio kile, kikamchoma, maana maumivu yale aliyajua. Akawanyonyesha wanawe kwanza. Kisha akampelekea Fisi mizizi ya dawa, akamwekea mbali kidogo, taya zisimfikie yeye.

Funzo ni hili: mgonjwa asibishane na sikio lake. Na mwili ukisema vinginevyo, ufuate utaratibu.

Mzigo nimeutua hapa. Anayeuona mwepesi, aubebe.