Mtaro wa Bi Mwajabu

Ukiyanyima maji njia, umeyapa mlango. Ndivyo bibi yenu alivyomwambia mjomba wenu asubuhi, nanyi mnauliza maji yameingiaje katika mambo ya mjomba na binti yake. Kaeni basi. Neno hili lilizaliwa kule Barabara ya Katani, mbele ya mashine ya kusaga ya Bi Mwajabu.

Barabara ile ilikuwa imechakaa kama shati la fundi gereji. Lori likiingia linazama hadi tumbo. Shekalaghe, fundi wa mageti, wateja wake walibeba mageti kichwani. Na Bi Mwajabu, mjane wa Kizigua, mashine ile ndiyo mume, ndiyo shamba. Lakini aliambulia wateja wa debe mojamoja, kwa kuwa gari la magunia halifiki.

Ikaja kujengwa upya. Wakashindilia kifusi, wakaiinua, wakamwaga lami ikang'aa kama sufuria mpya. Kando wakachimba mtaro. Msimamizi wao alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Na Mzigua na Mnyamwezi, mnajua, ni watani. Watatukanana kutwa na hakuna atakayenuna.

Lami haijazoeleka, shule ya bweni ikamletea Mwajabu lori zima la mahindi. Lori likashindwa kuvuka mtaro, maana vivuko vilikuwa bado. Mwajabu akaiona riziki imesimama ng'ambo. Akashika koleo, akajaza mawe na kifusi mbele ya mlango wake, lori likapita. Shekalaghe akaiga. Kesho yake mtaa mzima.

Maganga akapita, akasimama. "Mtani, fukua hayo mawe, vivuko vinakuja. Ukiyanyima maji njia, umeyapa mlango."

Mwajabu akaegemea koleo. "Kwenu Tabora ng'ombe wanalamba umande. Maji wewe umeyaonea wapi?"

"Mpe kikombe, dada," Shekalaghe akadakia. "Kiu inamsemesha."

"Leo sitanii, Mwajabu."

"Mtani asiyetania ni mgonjwa. Njoo unywe uji."

Watu wakacheka. Maganga naye, masikini, akajikuta anacheka, akaenda zake. Neno la mtani hupokelewa kwa kicheko hata likiwa na moto ndani. Hapo ndipo walipopotea.

Mvua ya masika ikashuka mchana. Mwajabu yuko ndani, mashine inanguruma, akaona maji yanachungulia kizingitini, membamba kama ulimi wa paka. Akachukua fagio. Kuinua kichwa, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Akatoka mlangoni aone yanakotoka, akaganda.

Barabara ilikuwa juu kuliko vizingiti vyao vyote. Siku zote aliitazama inavyong'aa, hakuwahi kutazama ilivyo juu. Mvua yote ya lami inashuka mtaroni, inakuta mawe yake, mawe aliyoyapanga mwenyewe, inageuka, inaingia kwake. Nyuma yake mota ikatoa moshi, ikanyamaza. Magunia ya shule yakaanza kulowa kutoka chini. Mwajabu hakulia. Alisimama tu na fagio lake, mdomo wazi.

Maganga akaja mbio na sururu.

"Cheka basi, mtani," Mwajabu akamwambia. "Zamu yako."

Maganga hakucheka. Hapo ndipo Mwajabu alipoogopa kweli, maana tangu azaliwe hajaona mtani akiiacha nafasi kama ile. Mwajabu akaingia mtaroni, akafukua kwa mikono. Shekalaghe na wengine wakafukua kwao. Lilipotoka jiwe la mwisho, maji yakageuka yenyewe, yakaenda zake bila ugomvi, kama mgeni aliyekuwa anatafuta tu pa kupita.

Magunia ya juu yalipona. Ya chini Mwajabu aliyafidia kwa mahindi ya shamba la kaka yake, nyaya za mota zikasukwa upya, na shule haikumhama. Vivuko vikawekwa: magari juu, maji chini. Tangu hapo mgeni akisifia lami, Mwajabu humvuta kwanza akaone mtaro.

Sasa mjomba wenu. Binti yake akifungua mdomo, anamwambia nyamaza. Binti akanyamaza kweli, mwezi mzima, na baba akatuambia sasa nyumba imetulia. Leo alfajiri kamkuta anafunga mzigo. Mmemwona mjomba alivyosimama pale, kama Mwajabu na fagio.

Ukiyanyima maji njia, wanangu, umeyapa mlango.