Damu ya Kamanda

Wapendwa, alikuwapo bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga unga, na mbwa wake wa kuilinda, jina lake Kamanda. Wezi walikuwa wakipita mbali na geti lile. Kisha Kamanda akabadilika. Akanenepa, manyoya ya mkiani yakapukutika, geti likigongwa hata kichwa hainui. Kutwa anajikokota kwenda kulala kando ya jiko la mkaa.

Bwana akakasirika. Majirani wakampa ushauri, na ushauri huu mnaujua, msijifanye wageni: “Mbwa akishiba halindi. Mpunguzie chakula, mtilie pilipili, atakuwa mkali.” Akampunguzia. Akamtilia pilipili. Akamtoa jikoni kwa fimbo, akamfungia kibandani kwenye baridi. Kamanda akazidi kunenepa, akazidi kulala. Bwana akasema, huyu anaiba chakula kwa watu! Mwisho akamwita daktari wa mifugo aje amchome sindano ya kumaliza kazi.

Mnaguna? Subirini kwanza.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyeburuzwa. Akasema, “Siui mnyama kabla sijajua ana nini. Nipe damu yake kwanza.” Akaivuta, akaitia kwenye kichupa, wakangoja itulie. Chini ikabaki nyekundu kidogo tu. Juu yake maji meupe, kama yaliyotiwa maziwa.

“Amekula lini?” akauliza.

“Tangu jana hajatia kitu mdomoni. Nimemfungia mwenyewe.”

“Basi mafuta haya hayakutoka kwa majirani, mzee wangu. Mwili umeshindwa kuyatumia, yamebaki kwenye damu. Na damu yenyewe imepungua. Nitaipeleka maabara, lakini nadhani ni tezi ya shingoni, imelegea. Mbwa wa hivi husikia baridi muda wote. Ndiyo maana analikimbilia jiko.”

“Kwa hiyo si uvivu?”

“Ni ugonjwa. Vidonge vipo, atameza maisha yake yote, na atainuka.”

Maabara ikajibu vilevile. Bwana akaficha kidonge cha kwanza ndani ya tonge la ugali, akaenda kibandani, akanyoosha mkono.

Kamanda hakuutazama ugali. Aliutazama mkono. Akalaza masikio, akafumba macho, akangoja fimbo.

Bwana yule aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya binadamu. Akachuchumaa na tonge lake, akanyoosha mkono tena.

Sasa tuje kwetu. Yuko dada yetu hapa mtaani, siku nyingi haji jumuiya, haonekani msibani. Tulisema nini sisi? “Hazikani na wenzake, ngoja lake limfike, tuone nani atakwenda.” Tena tulisema hapo nje, vitabu vya nyimbo vikiwa mikononi. Tulimwona amenenepa, tukasema anajifungia ndani anakula. Je, nani kati yetu alikwenda kumuuliza, dada, unaumwa? Hakuna. Hata mmoja. Kama anaumwa, basi tulimwadhibu kwa kuumwa, tukaita adhabu hiyo kumrudi.

Leo tukitoka hapa, twende kwake. Tukibisha hodi, naye akasikia ni sauti zetu akanyamaza, mtu asithubutu kusema ana kiburi. Tusimame pale mlangoni na aibu yetu, tubishe tena.